Duomo la Milano au la Firenze? Anza kwa kuuliza magoti

Kila mgeni anayefikia kwangu hapa Italia na kubakiwa na siku moja ya ziada huniuliza swali lilelile: kati ya kanisa kuu la Milano na lile la Firenze, aende wapi? Zamani nilikuwa nayasifia yote mawili mpaka mgeni anachanganyikiwa, anaishia kulala mchana sebuleni. Siku hizi namuuliza mimi kwanza: magoti yako yanasemaje?

Swali hilo nimefundishwa na shangazi yangu. Alikuja kutoka Moshi akiwa na miaka sabini na moja, rozari mkononi na kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, kwenye begi. Nilimpandisha juu ya paa la Duomo la Milano kwa lifti, akawa anatembea juu ya marumaru polepole, anashika nguzo moja, anaiacha, anashika nyingine, kama mtu anayekagua migomba yake. Miezi michache baadaye alikuja binamu yangu, fundi ujenzi, nikampeleka Firenze kupanda kuba. Treni yetu ilichelewa dakika arobaini. Tiketi ya kuba ina saa yake maalumu, na ikishapita imepita. Tulibaki chini tukiangalia watu wadogo kama sisimizi kule juu, tukalala mjini, tukanunua tena, tukapanda kesho yake. Kwa hiyo ninayosema hapa nimeyalipia.

Kabla ya yote, neno lenyewe. Wageni wengi hudhani "duomo" maana yake kuba. Sivyo. Linatokana na Kilatini *domus*, nyumba, na Waitaliano huliita hivyo kanisa kuu la mji wao, liwe na kuba au lisiwe nalo. Ukienda Milano kutafuta kuba kubwa utarudi unalalamika bure. Kuba lipo Firenze.

Ukiwa bado uwanjani

Kwa kutazama nje tu, mimi naipa Firenze, ingawa watu wa Milano watanichukia.

Duomo la Milano linakuja ghafla. Unatoka kwenye metro, kituo chenyewe kinaitwa Duomo na kinahudumiwa na njia nyekundu na njia ya njano, unapanda ngazi, na mlima mweupe umesimama mbele yako. Una vilele vyembamba 135 na sanamu kama 3,400. Marumaru yake si nyeupe tupu. Ukisogea karibu unaona mishipa ya waridi na kijivu. Imechimbwa Candoglia, karibu na Ziwa Maggiore, ikasafirishwa kwa maji: mto, ziwa, mto mwingine, kisha mfereji hadi mjini. Mashua za mzigo huo ziliandikwa herufi AUF, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa matumizi ya ujenzi", na hazikutozwa ushuru. Waitaliano wengi husema ndiyo asili ya msemo wao *a ufo*, yaani kupata kitu bila kulipa. Ndiyo dezo ya kwao.

Ujenzi ulianza mwaka 1386. Lango la mwisho la shaba liliwekwa mwaka 1965. Hesabu mwenyewe. Kanisa Kuu la Mt. Yosefu pale Dar es Salaam lilijengwa kati ya 1897 na 1902, na wazee wetu waliona ni muda mrefu. Uso wa mbele wa Milano ulikaa bila kumalizika mpaka Napoleon alipotaka kuvishwa taji la ufalme wa Italia humo mwezi Mei 1805. Akaamuru umaliziwe, ukakamilika mwaka 1813. Ukitazama vizuri utaona mchanganyiko huo: mlango una mtindo mmoja, dirisha la juu yake mtindo mwingine.

Firenze ni habari nyingine. Hapo hakuna uwanja mpana wa kukuandaa. Unapita vichochoro vya maduka ya ngozi na aiskrimu, unakata kona, na ukuta wa rangi tatu unakuziba njia: nyeupe, kijani na nyekundu iliyopauka, vipande vimepangwa kama kanga yenye pindo, mji na pindo tena. Kanisa linaitwa Santa Maria del Fiore, Bikira Maria wa Ua. Lilianzwa mwaka 1296 na Arnolfo di Cambio. Uso wa mbele, ambao kila mtu hupiga nao picha akidhani ni wa kale kuliko vyote, ulikamilika mwaka 1887. Ulio wa kale ni mwili wenyewe, na mnara wa kengele alioanza Giotto mwaka 1334, na mbele ya kanisa nyumba ya ubatizo yenye pembe nane ambamo mshairi Dante alibatizwa.

Halafu uzungukie nyuma. Watu hawazunguki, na hilo ndilo kosa. Nyuma ndipo kuba linapokuelemea kichwani. Pia huko, chini kwenye sakafu ya uwanja, kuna bamba la mviringo la marumaru nyeupe. Hakuna kibao kikubwa. Linaonyesha mahali lilipoangukia tufe la shaba la kileleni, lililopigwa na radi miaka ya 1600 mwanzoni. Binamu yangu alilikanyaga mara mbili kabla sijamwonyesha.

Ndani, mambo yanageuka

Ndani naipa Milano, na wala sisiti.

Firenze ndani ni tupu. Sisemi ni mbaya, nasema ni tupu, na nimeona nyuso za watu waliosimama foleni saa nzima juani wakiingia na kuuliza, "Ndiyo hapa?" Kuta pana, sakafu nzuri, picha chache. Sanamu nyingi zilizokuwa humo zimehamishiwa makumbusho ya kanisa, nyuma ya kuba, na ukitaka kumwona Maria Magdalena wa mbao aliyechongwa na Donatello, au Pietà ambayo Michelangelo aliichonga uzeeni, au milango halisi ya dhahabu ya Ghiberti, nenda huko. (Ile iliyopo kwenye nyumba ya ubatizo leo ni nakala.)

Ila kuna kitu kimoja ndani ya Firenze ambacho Mswahili hapaswi kukikosa, na watalii karibu wote hukikosa kwa sababu wanatazama mbele. Ukishaingia, geuka nyuma, utazame juu ya mlango mkubwa. Kuna saa aliyoichora Paolo Uccello mwaka 1443. Ina mkono mmoja. Ina namba 24, na mkono unazunguka kinyume na saa zetu. Mzungu akiiona anakuna kichwa, kwa sababu saa ishirini na nne ya humo si usiku wa manane. Ni jua kuzama. Jua likishazama, mkono unaanza upya, na saa moja ya saa hiyo ni lisaa limoja baada ya magharibi.

Yaani saa moja usiku. Hesabu yetu kabisa. Na kama wazee wa pwani wanaoita usiku wa Alhamisi "usiku wa Ijumaa", watu wa Firenze wa karne ile nao waliona siku mpya inaanza jua likituama. Saa hiyo bado inatembea, na hurekebishwa kufuata jua. Nilisimama chini yake dakika kumi nikijisikia nyumbani kuliko mahali popote Italia.

Sasa ingia Milano. Macho yanahitaji muda kuzoea giza. Nguzo 52, nene, zinapanda mpaka shingo inauma, na mwanga unaofika chini umepita kwenye vioo vya rangi, kwa hiyo asubuhi sakafu inakuwa na madoa mekundu na buluu yanayohama taratibu. Urefu wa kanisa unakaribia mita 158. Karibu na mlango kuna mstari wa shaba sakafuni uliowekwa na wanafalaki wa kituo cha Brera mjini humo mwaka 1786. Miale ya jua hupenya kwenye tundu la darini na kuugusa adhuhuri. Kwa hiyo Milano nayo ina saa yake.

Upande wa kulia, mbele kidogo, amesimama Mt. Bartolomayo wa Marco d'Agrate, wa mwaka 1562. Shangazi alimwona kwa mbali akasema, "Huyu naye kajitanda kitenge vizuri." Tulipofika karibu akanyamaza. Bartolomayo aliuawa kwa kuchunwa ngozi, na alichojitanda begani ni ngozi yake mwenyewe. Ukizunguka nyuma unaona ngozi ya uso inaning'inia mgongoni. Kila msuli wa mwili umechongwa, kila mshipa. Shangazi alifanya ishara ya msalaba, kisha akazunguka mara ya pili.

Na juu ya altare, juu kabisa karibu na dari, kuna taa ndogo nyekundu. Inaonyesha mahali unapohifadhiwa msumari ambao kwa mapokeo ni mmojawapo wa misumari ya Msalaba wa Kristo. Kila mwaka mwezi Septemba Askofu Mkuu hupandishwa kuuchukua ndani ya chombo kilichopambwa kama wingu lenye malaika. Ukiwa na bahati ya kuwa Milano siku hizo, acha mengine yote.

Kupanda: hapa ndipo uamuzi ulipo

Milano unapanda juu ya paa. Firenze unapanda ndani ya ukuta. Ukiielewa tofauti hiyo umemaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Paa la Milano ni la marumaru, na unatembea juu yake kama uko kwenye kijiji cha mawe. Unaweza kwenda kwa miguu, ngazi kama 250, au kwa lifti kwa bei ya juu zaidi. Lifti nayo haikufikishi mpaka juu kabisa. Zipo ngazi za kumalizia, ambazo shangazi alizimudu kwa kupumzika mara mbili. Huko juu unapita katikati ya vilele, sanamu ziko usawa wa uso wako, mifereji ya mvua ina sura za wanyama wa ajabu. Mahali pamoja mchongaji kaweka mabondia, sijui alikuwa anamtania nani. Bikira Maria wa dhahabu, Madonnina, amesimama mita 108 na nusu kutoka ardhini tangu 1774. Siku ya baridi isiyo na ukungu unaiona milima ya Alps imejipanga kaskazini ikiwa na theluji. Siku ya ukungu huoni kitu, okoa hela yako.

Kuba la Firenze ni ngazi 463, lifti hakuna, na ukishaanza hakuna mlango wa katikati wa kusema nimeghairi. Njia ni nyembamba. Mwenye begi kubwa, mwenye shida ya moyo, mjamzito, mwenye hofu ya kubanwa: mwacheni anywe kahawa chini. Simtishi mtu, ila nilimwona kijana mzima ameketi kwenye kidirisha, jasho linamtoka, na nyuma yake watu thelathini wanasubiri.

Lakini kwa fundi, hakuna kitu kama hicho duniani. Filippo Brunelleschi alianza kuba hilo mwaka 1420 na kulifunga mwaka 1436. Tundu lililokuwa likisubiri paa lilikuwa na upana wa karibu mita 45, na mbao za kutengeneza jukwaa la kulishikilia kuba zima kutoka chini zisingepatikana. Akajenga bila jukwaa hilo. Alitengeneza makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali zaidi ya milioni nne, akiyapanga kwa mshazari, moja limesimama, mengine yamelala, kama msuko wa ukili, ili kila safu ijishike yenyewe kabla chokaa haijakauka. Vifaa vilipandishwa kwa winchi iliyozungushwa na ng'ombe, yenye gia ya kugeuza mwelekeo bila kumgeuza mnyama.

Yote hayo unayaona kwa macho, kwa sababu ngazi zinapita katikati ya makuba hayo mawili. Kadiri unavyopanda, ukuta unaanza kukuinamia, mpaka unatembea umejikunja upande. Binamu yangu alisimama kwenye sehemu ambayo matofali yako wazi, akapitisha kidole kwenye maungio. "Hapa hakuna aliyelipua kazi," alisema. Tangu tushuke hajanizungumzia kitu kingine cha Italia, hata Juventus.

Njiani unapita kwenye kibaraza kilicho chini ya mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Vasari na Zuccari, uliokamilika mwaka 1579. Kutoka sakafuni ni picha ndogo ndogo. Kutoka kibarazani mashetani wana ukubwa wa lori.

Kama unataka kupanda Firenze lakini kuba linakutisha au limejaa, panda mnara wa Giotto. Ngazi ni 414, nazo si chache, ila kuna sakafu za kupumzikia. Na kuna faida ambayo haisemwi sana: ukiwa juu ya kuba hulioni kuba. Ukiwa mnarani unalo mbele yako lote.

Kwa anayekwenda kusali

Wengi wetu hatuendi kama watalii tu. Hapo Milano inashinda, na sababu yake ni ya Kiafrika.

Chini ya uwanja wa mbele wa Duomo kuna mabaki ya nyumba ya ubatizo ya kale, San Giovanni alle Fonti. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, katika kisima hicho chenye pembe nane, Mt. Ambrosi, askofu wa Milano, alimbatiza Augustino, mwana wa Monika, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Pamoja naye alibatizwa mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Mahali penyewe ni padogo, mawe na vumbi na taa chache, na watu wengi wenye tiketi hawashuki. Shangazi alikaa hapo kuliko alivyokaa altareni. Monika ndiye somo wake.

Jambo jingine: jimbo kuu la Milano linatumia liturujia ya Kiambrosi. Usishtuke. Majilio yana majuma sita, Kwaresima inaanza Jumapili na si Jumatano ya Majivu. Kwenye Misa, watu hutakiana amani kabla ya kupeleka vipaji, si kabla ya komunyo. Shangazi, ambaye haelewi Kiitaliano lakini Misa anaijua kama njia ya kisimani, alishikwa mkono na mwanamke wa jirani akanigeukia kwa jicho kali: "Mwanangu, mbona wamewahi?"

Kwenda kusali Milano hulipi. Kuna mlango wake na sehemu yake, useme tu unakwenda kusali, na kisha usitoe simu kupiga picha. Firenze, Jumapili ndani ya kanisa ni kwa ajili ya ibada, watalii hawaingii. Na ukihudhuria Misa pale, kumbuka kwamba ni katika Misa, tarehe 26 Aprili 1478, wapinzani wa Medici, ukoo uliotawala Firenze, walipomchoma visu Giuliano de' Medici mpaka akafa, na kaka yake Lorenzo akaokoka kwa kukimbilia sakristia na kufunga milango ya shaba. Milango hiyo ipo.

Hela na foleni

Kuingia ndani ya kanisa la Firenze ni bure, na foleni yake ndiyo bei. Kuba, mnara, nyumba ya ubatizo na makumbusho vinalipiwa kwa tiketi za pamoja zinazodumu siku tatu. Yenye kuba ndani yake ndiyo inayoitwa Brunelleschi Pass, na wakati wa kiangazi huisha mapema. Chukua saa ya mchana, si ya asubuhi, kama unatoka mji mwingine siku hiyo hiyo. Milano unalipia hata kuingia ndani, lakini nafasi hupatikana kirahisi. Nunua kwenye tovuti za makanisa yenyewe. Wale wanaokufuata uwanjani na karatasi mkononi, na wale wa kukufunga uzi wa "zawadi" kwenye kifundo cha mkono, wape salamu na uendelee kutembea.

Kote kuwili mabega na magoti yafunikwe. Kitenge kimoja kwenye begi dogo kinamaliza kazi. Masanduku makubwa hayaingii.

Mwenye hela kidogo kabisa aende Firenze: nje ni bure, ndani ni bure, na ghorofani kwenye maktaba ya umma ya Oblate kuna kibaraza kinachotazamana na kuba. Milano, ukikosa tiketi ya paa, panda mpaka juu ya duka la Rinascente lililo ubavuni mwa kanisa. Kwa bei ya kahawa, ghali kidogo, unaviona vilele kwa karibu.

Kuna watakaokuambia achana na yote mawili, nenda Siena. Hawajakosea sana. Sakafu ya kanisa kuu la Siena ni picha tupu za marumaru, lakini sehemu kubwa ya mwaka hufunikwa isikanyagwe na hufunuliwa kwa majuma kadhaa tu kati ya Juni na Oktoba. Nje ya majuma hayo, mimi singemtuma mtu mwenye siku moja tu.

Na kama una siku mbili, usichague. Treni ya kasi kati ya Milano na Firenze ni takriban saa mbili. Anza na Milano, ulale Firenze, upande kuba kesho yake asubuhi miguu ikiwa imepumzika. Ukigeuza mpangilio, utafika kwenye lifti ya Milano huku mapaja yakikuwaka moto, na zile ngazi chache za kumalizia utaziona mia tano.